Mwaridi wa Mpawenimana

Habonimana alikuwa mtu wa migomba na kahawa. Maua kwake yalikuwa shughuli ya masista na watu wenye nafasi. Kwa hiyo mkewe, Mpawenimana, alipompigia simu kutoka Kasulu na kumwambia kwamba katika kuhama kule anaweza kusahau masufuria, anaweza kusahau hata godoro, lakini asithubutu kuuacha mwaridi, aliitikia kama mtu aliyetumwa chumvi.

Lakini alijua. Mwaridi ule ulitoka Burundi. Mama yake Mpawenimana alikuja kumwona mara moja tu pale Makere walikokuwa wakiishi, mkononi ana kijiti kilichochomekwa kwenye kipande kibichi cha mgomba kisikauke njiani. Mwaka uliofuata mama huyo akafariki, na bintiye hakuwahi kufika kumzika. Picha yake hana, kanga yake hana. Ana mwaridi.

Sasa Mpawenimana alikuwa kwa dada yake Kasulu mjini akiuguza nyonga aliyoivunja akiteremka kisimani. Nyumba yao ya Makere ilikuwa mlimani, na mguu ule usingeupanda mlima tena. Habonimana akapata kiwanja tambarare pembezoni mwa Kibondo, akasimamisha vyumba viwili, akahamisha vitu kwa lori la mahindi. Mwaridi akaung'oa mwenyewe, akaifunga mizizi kwenye kiroba kilicholowa, akaupakata njia nzima.

Akaupanda kama baba yake alivyomfundisha kupanda mgomba, na hakuna Muha wala Mrundi ambaye angemcheka: shimo la kufika magotini, samadi mbichi ya mbuzi hadi nusu, mche juu yake, udongo hadi shingoni, maji ndoo nzima. Mgomba ukiupanda hivyo unanenepa.

Mwaridi ulinyong'onyea. Majani yakawa manjano, yakapukutika. Ncha za matawi zikawa nyeusi kama zimepitishwa motoni. Jua la kiangazi nalo halikuwa na huruma. Habonimana akafanya anachofanya mgomba ukizubaa: akaongeza samadi.

Likabaki tumba moja tu, juu kabisa. Mkewe alipopiga simu kuuliza, Habonimana akalitazama lile tumba, akamwambia mwaridi unataka kutoa ua, akija atalikuta limechanua. Mpawenimana akacheka. Tangu aanguke, mumewe hakuwa amekisikia kicheko kile. Simu ilipokatika, kicheko kikamkaa Habonimana kifuani kama jiwe.

Aliyemkuta amechuchumaa mbele ya mwaridi alikuwa jirani yake, Shamsia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hilali. Mumewe ana duka la vitenge mjini, na yeye kwao ni Pangani, alikolelewa na bibi aliyeuza mawaridi na asumini za maharusi.

"Baba Ange," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "huyu unamlea au unamzika?"

Habonimana akamjibu kwamba kama amekuja kucheka, acheke akiwa uani kwake. Mama Hilali akacheka hapohapo, kisha akamwambia aingize mkono kwenye udongo. Akauingiza. Udongo ulikuwa wa moto, kama chini ya kuku anayeatamia.

"Samadi mbichi. Umempika."

Akakwangua gome la shina kwa ukucha. Nje lilikuwa limesinyaa, ndani kukaonekana kijani chembamba. Alikwenda kwake akarudi na mkasi.

Wakaung'oa, wakaiosha mizizi kwenye beseni, iliyoungua wakaikata. Wakaupanda upya kwenye shimo fupi, kwa udongo mweusi uliotoka chini ya migomba iliyooza zamani. Mpaka hapo Habonimana alitii. Ilipofika zamu ya matawi, akaweka mkono mbele ya mkasi.

Mama Hilali akamuuliza kahawa ikizeeka anaifanyaje. Akasema anaikata ibaki kisiki, kila mtu anajua hilo. Mama Hilali akamtazama tu. Habonimana akautoa mkono.

"Hili tumba liache," akasema. "Nimemwahidi mtu."

"Baba Ange, mgonjwa hatumwi kisimani. Akilitoa hilo ua, ndilo la mwisho."

Habonimana akaomba mkasi, akalikata mwenyewe.

Juu ya kisiki kilichobaki akajenga kichanja cha nyasi, kama kile cha miche ya kahawa, na chini akatandaza nyasi kavu. Maji kidogo asubuhi. Samadi, Mama Hilali alimkataza hata kuitaja. Ikawa kusubiri, na kusubiri kwa mkulima kuna adabu yake: unatazama, hugusi. Siku ambayo kisiki kilitoa vichomozo vyekundu, vidogo kama vichwa vya kiberiti, Habonimana alikaa chini kwenye vumbi, akavua kofia.

Mpawenimana alifika kwa gari dogo, na magongo yake, na dada yake akibeba mizigo. Hakuuliza nyumba. Habonimana akamwongoza hadi kwenye kichanja, akakiinua.

"Ua hakuna," akasema. "Niliupanda kama mgomba, nikauunguza. Tumba nimelikata kwa mkono wangu. Mama Hilali wa nyumba ile ndiye aliyeuokoa."

Mkewe aliegemea gongo, akanyoosha kidole, akagusa kichomozo kimoja kwa upole, kama mtu anayegusa kope za mtoto aliyelala. Halafu akasema mama yake aliukata hivyo kila mwaka, na yeye hakuwahi kuthubutu, ndiyo maana kule Makere ulikuwa unakonda.

Akageuka. Mumewe akadhani anaingia ndani, akataja chai. Mpawenimana alikuwa tayari anaelekea nyumba ya jirani, gongo baada ya gongo. Habonimana akanyakua kiti akamfuata.

Mama Hilali alitoka na mikono ya unga. Mpawenimana akamshika mabega yote mawili, kama kwao wanavyosalimiana, asimwachie, akirudia kwa Kirundi, "Urakoze, dada. Urakoze cane." Mwenzake akasema shukrani si zake, yeye aliongea tu, aliyekata ni mwenye mkono mgumu yule.

Ndipo Habonimana, akiwa bado ameshika kile kiti, alipotambua kwamba muda wote ule hakuwa amelitamka neno hilo la shukrani.

"Ahsante, Mama Hilali," akasema. "Ahsante sana."

"Haya, ingieni," akasema Mama Hilali, akijifuta macho kwa kiwiko. "Chapati zinaungua."