Shimo la Juu ya Chemchemi

Kabla jua halijapanda vizuri, Mama Kimya alikuwa ameshaokota kuku thelathini na mmoja waliokufa usiku, na hiyo ilikuwa hesabu ya kawaida. Alipita banda namba nne akiwa ameinama, akiburuta mabuti kwenye maranda ili asiwakanyage walio hai, maana hawakuwa na pa kumpisha. Walikuwa elfu kumi na mbili chini ya bati moja. Wiki tano tu tangu waanguliwe, vifua vyao vilishaishinda miguu. Wengine walijivuta kwa tumbo hadi kwenye maji. Hewa ya samadi mbichi ilichoma macho. Wenzake walimbandika jina la Mama Kimya kwa sababu mwaka wa tatu sasa hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Kabla kampuni haijanunua mteremko mzima, naye alikuwa na kuku wake sita, na mmoja wao, mkorofi kweli, alitagia kwenye kapu la nguo. Wote walikufa kwa ugonjwa uliozuka mwaka ule mabanda yalipojengwa. Baadaye vyura wa bondeni wakanyamaza. Watu walisema watazoea, na kweli walizoea.

Saa sita mchana umeme ulikatika. Feni zilizunguka kivivu, zikasimama. Mama Kimya naye alisimama akisubiri mlio wa jenereta, lakini mlio haukuja. Alimkimbilia msimamizi, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, mkali kwa sababu naye alikuwa na wakali wake. Msimamizi akasema dizeli ameiomba makao makuu tangu wiki iliyopita, na jibu lilikuwa avute subira. Wakakunja maturubai ya pembeni kupitisha hewa. Nje hata jani halikutikisika.

Haikuchukua saa mbili. Kuku walipanua midomo, wakatanua mabawa, wakatweta wote kwa pamoja, banda zima likawa kama kifua kimoja cha mgonjwa. Kisha kelele ikaanza kupungua. Ilianzia katikati, penye joto kali, ikaja taratibu kuelekea kuta. Mama Kimya alikuwa mlangoni ukimya ulipomfikia miguuni.

Saa nane umeme ulirudi, na feni zikapeperusha manyoya.

Trekta lilikuja na tela. Kwenye karatasi, shimo la mizoga lilikuwa ng'ambo ya kilima. Lililochimbwa lilikuwa hatua hamsini juu ya chemchemi, maana huko udongo ulikuwa laini. Vibarua walibeba kuku kwa miguu, watano mkono huu, watano mkono ule. Kwenye tela ya tatu Mama Kimya alihisi mguu mmoja ukimvuta kidole. Akatazama. Jicho la rangi ya chungwa lilimtazama, likafumba, likafumbua. Akamwambia msimamizi kwamba wengine bado wako hai.

"Ikifika jioni hawatakuwa hai," msimamizi alisema, tena bila ubaya. "Endelea, mama."

Akaendelea. Hilo ndilo ambalo baadaye alishindwa kujisamehe.

Saa kumi alifika bwana mifugo, afisa wa serikali, akawekewa kiti kivulini na soda baridi. Shimoni hakufika. Akaandika kwamba wamekufa kuku mia mbili na kumi na nne kwa maradhi ya kawaida, wamefukiwa kwa chokaa, mbali na maji. Fomu ilitaka sahihi ya mhudumu wa banda, kwa hiyo Mama Kimya akaitwa, akasomewa, akapewa kalamu.

"Ni zaidi ya elfu kumi na moja," alisema. "Chokaa haijamwagwa. Na pale chini ndipo tunapokunywa."

Bwana mifugo akamweleza kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mzazi wake, kwamba akiandika hivyo watakuja wakaguzi, mabanda yatafungwa, na watu mia mbili watarudi nyumbani mikono mitupu. Je, anataka kuwafungia wenzake riziki?

Mama Kimya akajibu kwamba hataki kumfungia mtu riziki. Anataka tu kiandikwe kilichotokea.

Msimamizi alimsogelea, akashusha sauti. "Nami nina mama yangu, mama."

Mama Kimya alimwonea huruma, lakini akairudisha kalamu mezani. Akaitwa mfagiaji wa banda namba tano, naye akatia sahihi bila kuinua macho. Mama Kimya akaambiwa avue ovaroli na mabuti, kesho asijisumbue.

Alishuka bondeni pekupeku. Pale chemchemini palikuwa na jiwe bapa la kuwekea ndoo, akaketi juu yake. Ndipo aliposikia. Sauti ilitoka juu, chini ya uzito wa miili mingine, nyembamba, ikikatika na kuanza tena. Aliziba masikio, na bado akaisikia.

Wa kwanza kufika alikuwa wifi yake, ndoo kichwani, akitania kwamba leo bosi amekuja kukagua maji. Utani ulimkauka alipoona manyoya yaliyogandamana na damu ya mikwaruzo kwenye mikono ya mwenzake. Mama Kimya akamweleza yote. Hakuwahi kusema maneno mengi namna ile kwa mara moja.

"Sasa tunywe nini, wifi?"

"Sijui."

Wifi akapanda mwenyewe hadi shimoni. Aliporudi aliipindua ndoo yake juu chini, akakaa. Wakaja wengine, wawili wawili, wakaambiwa, wakaisikiliza sauti ya kule juu, wakakaa. Mtu akakumbusha kwamba kisima kirefu cha kampuni kina maji safi, lakini yale ni ya kuku.

Jua lilipokuwa linazama, ndoo kumi na moja tupu zilikuwa zimepangwa kwenye majani. Ndipo akaja jirani mmoja, mtoto mchanga mgongoni, nyumbani amemwacha mama mkwe wake, mgonjwa wa homa siku ya tatu. Alisikiliza hadi mwisho. Alitazama mtoto, akatazama njia ndefu ya kurudi.

"Nisameheni, dada zangu," alisema. Akainama, akachota.

Hakuna aliyemzuia. Mama Kimya aliinuka kutoka kwenye jiwe, akashika ndoo upande mmoja, wifi upande wa pili, wakamtwika.