Gitaa Kati ya Mataya

Ukiingia chumba cha nyuma cha kliniki ile mchana, baada ya saa nane, usishtuke ukijikuta unachekewa na watu wasio na vichwa. Ni mataya ya plasta tu, yamejipanga rafu kwa rafu, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe ubavuni kwa penseli. Mwenye chumba alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, fundi wa meno ya bandia, na mtaa mzima ulimwita Mama Meno, wakiwemo waliokuwa bado na yao yote. Madaktari walikaa mbele na kung'oa, yeye alikaa nyuma na kurudisha. Alipenda kusema hivyo, na aliposema hakuwa anatania sana.

Kwenye kona, karibu na dirisha la kioo cha ukungu, palikuwa na kiti cha zamani cha wagonjwa. Pampu yake ilikufa siku nyingi, hakipandi wala hakishuki, kimebaki kimelala nusu. Juu ya kiti hicho, kwa miezi mitatu sasa, alikuwa akishinda mume wake.

Huyo ndiye Solo. Jina lake la kwenye cheti alilijua yeye na karani aliyeliandika. Wengine wote walimwita Solo kwa sababu kwa miaka thelathini ndiye aliyepiga gitaa la solo kwenye bendi moja ya kumbi na harusi. Kiharusi kilimkuta asubuhi moja akinyoa ndevu, kikamchukua upande wa kushoto. Mdomo ulirudi. Mguu nao ulirudi, shingo upande, ukiburuta kidogo. Mkono kutoka kiwikoni kwenda chini ukagoma kabisa, na kwa mpiga gitaa mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Wa kulia kazi yake kudonoa tu.

Kumwacha nyumbani peke yake haikuwezekana, kwa hiyo kila asubuhi Mama Meno alikuja naye kazini, akamlaza kwenye kiti kile, akaanza kazi. Vumbi la plasta lilielea kwenye mwanga wa dirisha kama unga uliosahau kushuka. Bomba lilidondosha tone, likafikiri, likadondosha jingine. Solo alisinzia, akaamka, akasinzia, na mara nyingi hakujua yuko upande gani wa usingizi. Mtu wa mazoezi ya viungo, aliyepita kliniki kila Jumanne, alikuwa amempa mpira mdogo wa kuminya.

"Kidole kisichopewa kazi kinasahau, mama," alimwambia Mama Meno pembeni. "Kikishasahau kabisa, kukikumbusha ni shughuli."

Solo aliushika mpira ule kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake yai. Mara moja tu, mwezi wa pili wa ugonjwa, alikuwa amejaribu gitaa lake. Alibonyeza uzi, ukatoa mlio mfu, kidole kikateleza. Akaliweka chini akasema, "Limekufa." Hakuligusa tena.

Jumatatu moja akampigia simu mdogo wake, mpiga besi wa bendi ileile.

"Njoo Ijumaa kazini kwa shemeji yako, uchukue gitaa. Mmempata mpigaji mpya na hana chombo. Mimi silihitaji."

Mama Meno alikuwa anachonga gego, akaacha. Alielewa vizuri sana kinachotolewa pale. Gitaa likishatoka nyumbani, hakuna mtu atakayeuomba ule mkono kitu chochote tena, na mkono nao hautajipa kazi. Aliogopa kuliko siku ile ya hospitali, maana hospitalini angalau kulikuwa na watu wa kukimbia huku na huku.

Jioni akalitoa kabatini. Lilikuwa gitaa la umeme la bei nafuu, rangi ya zambarau iliyoiva, tumbo nusu wazi, na matundu mawili membamba kifuani yaliyojikunja kama ndoano. Uzuri wa tumbo lile ni kwamba hata bila kuchomeka waya ulilisikia chumbani, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake. Mama Meno akabonyeza uzi kwa kidole chake cha kufinyanga plasta. Kikauma! Nyuzi zilikuwa zimesimama juu ya shingo kiasi cha kupitisha njiti mbili za kiberiti. Kwa miaka yote hiyo mume wake alikuwa akipiga nyimbo za mapenzi kwa nguvu za mbeba magunia, wala hajasema.

Akachukua bisibisi akazishusha. Zikaanza kukwaruza kama nzi ndani ya kopo. Ndipo akapitisha ukucha juu ya freti, vile vijiti vya chuma vilivyolala shingoni kama ngazi, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Kimoja kirefu, kimoja kifupi, viwili vimeinama upande. Kiwandani hawakuvisawazisha, wakainua nyuzi kufunika aibu, kama mtu anavyovaa kofia kuficha upara.

"Haya ni meno," alisema.

Jumanne alikuja nalo kazini, akalilaza mezani katikati ya mataya. Akatoa nyuzi zote, akafunika mbao kwa utepe wa karatasi, akapaka wino wa bluu kwenye vichwa vya freti zote ishirini na mbili. Mgonjwa akivaa meno mapya hung'ata karatasi ya bluu; panapopata rangi ndipo palipozidi. Kwenye gitaa mambo yaligeuka: msasa ukipita, palipoliwa ni mlima, palipobaki bluu ni bonde. Kwa kuwa hakuna kitu kilichonyooka duniani kama kile kibao cha kioo anachochanganyia saruji ya meno, alikibandika msasa tumboni, akakisukuma mbele na nyuma, taratibu, mpaka bluu yote ikaisha. Mume wake alisinzia. Mataya yalitazama. Ulikuwa mchana mtamu.

Jumatano akarudisha nyuzi, na mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Ukibonyeza katikati ya shingo, uzi ulikwaruza mpaka mwisho. Akaketi. Chuma ni kama jino: ukishakisaga, maji yamemwagika, hayazoleki. Sifa zake zote za ufundi hazikumsaidia kitu. Lakini kuuliza si ujinga, na chumbani mle kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuulizwa.

"Mzee wangu, nimeharibu."

Solo hakufungua macho. "Umeharibu taya la nani?"

"La kwako."

Akafungua jicho moja, akaliona gitaa, akalifumba tena.

"Tangu jana nasikia msasa," alisema. "Nikadhani naota bahari." Akageuza kichwa kuelekea mezani. "Ulilegeza chuma cha shingo?"

"Chuma gani?"

"Shingo ina chuma ndani yake, mama. Nyuzi zinaivuta mbele, chuma kinaivuta nyuma, ndiyo inanyooka. Ukitoa nyuzi, chuma kinabaki kinavuta peke yake, shingo inabinuka. Wewe umesawazisha ikiwa imebinuka. Umesawazisha uongo."

"Taya halibinuki," Mama Meno alisema kwa unyonge.

"Gitaa si taya."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Mama Meno aliyasikia, akayahesabu moyoni, akajifanya hakuona kitu.

"Chuma cha freti kilichobaki kinatosha kusagwa tena?"

"Angalia mwenyewe. Kazi bure lakini. Ijumaa linaondoka."

"Basi liondoke likiwa zima," alijibu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na yeye alikuwa ameshaamua kutochelea.

Alhamisi akatoa nyuzi tena. Akaingiza kifunguo kwenye kitundu cha kichwani mwa gitaa, akalegeza chuma cha ndani robo kwa robo, huku ameweka rula ya chuma juu ya shingo na kuchungulia mwanga chini yake, mpaka mwanga ukaisha. Wino wa bluu. Kioo. Msasa. Safari hii bluu ililiwa miisho yote miwili, katikati ikabaki, kwa sababu katikati ndiko alikoiba juzi. Alisaga kidogo kidogo, akihema kwa pua. Nje mwanga ulihama kutoka rafu ya juu hadi ya chini, taya moja baada ya jingine likawaka na kuzimika. Sauti ya msasa ilijaza chumba, ikaenda na kurudi, na mwanamke yule akaanza kuona kana kwamba yeye ndiye anayesukumwa na kioo kimetulia.

"Huko katikati bado," ilisema sauti kutoka kwenye kiti.

Macho ameyafumba! Mama Meno akatazama. Kweli, freti tatu za katikati zilikuwa bado na bluu nyembamba kama unywele. Akasaga, akasikiliza, akasaga.

"Sasa?"

"Sasa imekuwa sauti moja."

Vichwa vilivyokuwa bapa akavirudishia mviringo kwa tupa ndogo, akavisugua kwa gurudumu la mpira na unga anaong'arishia fizi za bandia. Freti ziling'aa kupita kiasi, kama bwana harusi aliyepakwa mafuta na shangazi watatu. Akafunga nyuzi, akakaza chuma cha ndani, akashusha daraja la nyuzi, akashusha tena, hadi njiti moja ya kiberiti ikakwama. Hakuna nzi. Kila mahali palilia vizuri.

Ijumaa shemeji alikuwa anakuja saa kumi. Saa tisa na nusu Solo alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo. Mama Meno alilitazama gitaa, akamtazama yeye, akatazama saa. Kisha akalibeba, akamlazia mapajani. Akauinua ule mkono wa kushoto, mzito na wa uvuguvugu, akauzungusha kwenye shingo ya gitaa. Mkono haukukataa wala haukukubali. Vidole viwili vikaanguka juu ya nyuzi mahali vilipozoea.

Akadonoa uzi.

Alitegemea sauti ya uzi mtupu, usiobonyezwa. Ikatoka nyingine, ya juu zaidi, safi, ikazunguka ndani ya lile tumbo nusu wazi na kutokea kwenye matundu. Mama Meno hakuwa mwanamuziki, lakini alijua kitu kikigusana na kitu. Akakiinua kidole cha Solo, akadonoa: sauti ya chini. Akakirudisha: ya juu. Ulikuwa uzito wa kidole tu, na ulitosha. Akashika ukingo wa kiti.

"Nani anabonyeza?" Solo aliuliza usingizini.

"Wewe."

"Acha utani."

"Mikono yangu yote miwili iko huku. Tazama."

Solo akafungua macho. Aliutazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akakisogeza kidole, kikasogea kidogo mno, nusu kwa kuburuzwa na bega. Akadonoa mwenyewe kwa mkono wa kulia. Sauti ikatoka.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema.

"Hatuui chawa hapa. Bonyeza."

Ndivyo shemeji alivyowakuta. Alikuwa mtu mnene mpole, amekunja mfuko mtupu wa gitaa kwapani. "Shikamoo shemeji," alianza, kisha akasikia, akakaa taratibu juu ya gunia la plasta bila kungoja marahaba. Kaka yake alikuwa anapiga sauti tatu. Tatu tu, na kati ya moja na nyingine ungeweza kunywa chai.

"Umezishusha sana nyuzi," Solo alisema mwishowe.

"Nimeziweka unapofika."

"Hizi ni nyuzi za mgonjwa."

"Na wewe ni nani?" Mama Meno alisema. Lilimtoka kabla hajalizuia. Neno mgonjwa walikuwa wamelikwepa miezi mitatu, na sasa lilikuwa katikati ya chumba, na mdogo mtu akawa anakagua viatu vyake.

Solo hakukasirika. Alifikiri.

"Pandisha," alisema.

"Mzee wangu, mkono wako…"

"Pandisha kidogo."

Akachukua bisibisi, akazungusha nusu duru upande huu, nusu duru upande ule. Nyuzi zikainuka kidogo, jicho lisingeona. Solo akaburuta kidole, akabonyeza, akadonoa. Mlio mfu. Akajaribu tena, uso umekunjamana, mshipa umemsimama shingoni. Mfu. Mara ya tatu, ya nne. Mama Meno hakuweza kuvumilia. Yeye ndiye aliyemtoa usingizini, na sasa anamtazama akishindwa mbele ya mdogo wake.

"Haya, tuzirudishe chini," alisema kwa upole, akapeleka bisibisi kwenye daraja.

Mkono ukaja ukafunika skrubu.

Akataka kuusogeza, ndipo akaona mkono wa kulia wa Solo ungali umening'inia hewani, kidole kimejikunja tayari kudonoa. Uliokuja ulikuwa wa kushoto. Ulikuwa umetoka shingoni mwa gitaa wenyewe, ukivutwa na bega, ukavuka tumbo lote la gitaa, na sasa umelala juu ya skrubu, unatetemeka, hautoki.

"Acha hapo hapo," Solo alisema, macho yako kwenye nyuzi. Hakuwa ameona ni mkono upi.

Shemeji aliona. Alisimama, akaubana tena kwapani mfuko wake mtupu, akaufungua mlango bila kelele. Mama Meno aliweka bisibisi mezani, wala hakumwambia mume wake ni mkono upi.