Picha Alimofutwa Baba Kidoti

Mteja akiniletea picha zake nimpangie, kabla sijagusa chochote namwambia tuzinakili kwanza. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, nyingine iende kwenye diski ya nje, na hiyo diski ifungiwe kabatini mbali na kompyuta, maana mwizi akiingia habebi kimoja akakuachia kingine. Baada ya hapo ndipo tunapanga: mwaka, mwezi, tukio. Picha ya kuhariri tunaifanyia kazi kwenye nakala, na tukimaliza tunaihifadhi kwa jina jipya. Ya asili haiguswi. Wateja wengine wananiona nina maneno mengi. Mmoja aliwahi kuniuliza kama studio ni yangu au ya mume wangu, nikamwambia aketi asubiri zamu yake.

Studio ni yetu sote wawili. Yeye anapiga na kuhariri, mimi napanga, napokea watu na kuwatuliza. Watu wanamwita Dokta, kwa sababu anatibu chunusi bila dawa na anaondoa mifuko chini ya macho bila kisu. Bibi harusi aliyelia usiku kucha, kwake atatoka kama aliyelala wiki nzima. Mkono anao, siwezi kumnyima sifa zake. Lakini kupanga hajui na hataki kujua. Kabla sijaingia kazini, mafaili yake yalikuwa yanaitwa "mpya", "mpya kabisa", "ya mwisho" na "ya mwisho kweli". Harusi ya watu tuliisaka asubuhi nzima, tukaja kuikuta kwenye folda inayoitwa "mengineyo". Siku hiyo nilimpa vidonge vyake, na tangu hapo tukawa na utaratibu: kazi yoyote ya mteja inapita kwangu kwanza, naitolea nakala, ndipo inakwenda kwake.

Kazi ya mteja, nimesema. Picha zetu wenyewe hazikuwa kazi ya mteja, kwa hiyo hazikupita kwa mtu yeyote. Harusi za watu nisiowajua hata majina ninazo mpaka leo, zimejipanga kabatini, na picha za familia yetu zilikuwa zinaelea tu kwenye masimu.

Wifi yangu, mdogo wake Dokta, alikuja studio mara tu mumewe alipoondoka nyumbani na kwenda kuishi na mwanamke mwingine. Mumewe alikuwa fundi friji, mtu mpole, mwenye mzaha wa chinichini, na hakuna kati yetu aliyemdhania. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike. Tunamwita Kidoti, kwa alama aliyozaliwa nayo juu ya mdomo. Wifi aliketi kwenye kiti cha wateja, akatoa kompyuta yake ya mkononi kwenye mkoba, akaisukuma mbele ya kaka yake.

"Kaka, nataka umtoe."

"Nimtoe wapi?"

"Kote. Kila picha aliyomo. Nikifungua picha za mwanangu sitaki kukutana na sura yake."

Mimi nikaingilia. "Wifi, pumua kwanza. Picha haziombi chakula, ziache zikae."

"Wewe hujaachwa," akanijibu. Ilikuwa kweli.

Programu za kupanga picha zina ufundi mmoja unaowafurahisha sana watu: zinatambua sura. Ukibofya uso wa mtu mara moja, zinakukusanyia kila picha aliyomo, hata ile aliyojificha nyuma ya watu akitafuna. Wateja wangu wanautumia kutafuta picha za mama zao. Dokta alibofya uso wa shemeji yake, na yule bwana akajaa kioo kizima. Yuko mlangoni na spana, yuko kwenye kochi amelala kinywa wazi, yuko jikoni anakoroga kitu kwa upande usiofaa wa mwiko. Wifi alimtazama kidogo, akageuza kiti chake kikaelekea ukutani.

"Anza," akasema.

Kazi ile ilimchukua Dokta siku kadhaa na aliifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Pale shemeji aliposimama pembeni, alimkata. Aliposimama katikati, aliziba nafasi yake kwa ukuta, kwa pazia, kwa majani. Picha iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa moja ya Kidoti akiwa mchanga, ambayo wifi mwenyewe ndiye aliyeipiga: baba amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto yuko mikononi mwake. Dokta alimtoa baba, akachukua mto kutoka picha nyingine, akamlaza mtoto juu yake. Hata kivuli cha mto alikielekeza kunakotakiwa. Mtu asingejua kwamba pale palikuwa na mtu. Halafu, kwa kuwa ni mambo ya nyumbani, alihifadhi kila picha juu ya ile ya asili, kwa jina lilelile, akaona amemaliza.

Kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka ni kwamba ile kompyuta ilikuwa imeunganishwa na albamu ya mtandaoni, waliyoifungua wifi na mumewe walipooana. Albamu ya namna hiyo, ukibadilisha picha huku, inabadilika na kule. Ukifuta huku, imefutika kote. Watu wengi wanadhani picha ikionekana kwenye simu na kwenye kompyuta basi wana nakala mbili. Hawana. Wana madirisha mawili ya chumba kimoja. Kwa hiyo yule bwana, huko alikohamia, alikuwa akifungua simu yake na kujikuta anapungua.

Alikuja studio asubuhi moja, begani ana mfuko wake wa vifaa. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, sijaja kwa ugomvi," aliniambia. "Nilikosa, najua. Hizo nyingine mlizofuta, sawa tu. Naomba ile moja niliyombeba mtoto. Nimeitafuta kwenye simu nimekuta mto."

Nilijua dawa ipo. Programu ile haiitupi picha ya asili papo hapo. Inaiweka kwenye pipa lake la taka mwezi mzima, ndipo pipa linajimwaga lenyewe. Mwezi ulikuwa haujaisha. Nilimnong'oneza Dokta. Akaenda nyuma, akampigia dada yake aliyekuwa na kompyuta nyumbani, na hata pale nilipokaa nilimsikia wifi kwenye simu akisema: "Mwambie hakuna."

Dokta alirudi akiangalia sakafu. "Hakuna, shemeji. Zimeshafutika."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, akauvuta. Yule bwana alimtazama, nadhani alielewa kila kitu. Akasema "haya", akashukuru, akaweka vizuri mfuko wake begani na kutoka. Jioni nilikwenda kwa wifi kumwomba, akaniambia nisitie mguu kwenye ndoa isiyo yangu. Nilimwambia pipa linakaribia kujimwaga. "Na limwagike," akasema, akaniletea chai kana kwamba tulikuwa tunazungumzia maziwa. Likamwagika.

Hata hivyo wifi hakumnyima yule bwana mtoto wake. Baba alikuwa anakuja kumchukua Kidoti siku za mapumziko, wanatembea, anamwonyesha jinsi friji inavyopumua, anamrudisha kabla ya giza. Wifi alianza kupoa. Siku moja nilimkuta akicheka mzaha ambao Kidoti alirudi nao kutoka kwa baba yake, kisha akakumbuka hatakiwi kucheka. Nikajua ipo siku atajuta, ila nilidhani kuna muda.

Hapakuwa na muda. Yule bwana aliugua ghafla, akalazwa, hakutoka. Kwenye maziko picha iliyowekwa mbele ilikuwa ya kitambulisho chake cha kazi, imevutwa mpaka uso umeanza kuvunjikavunjika, shingo imekakamaa, macho yametukodolea sisi sote. Ndugu zake hawakuwa na nyingine. Picha zake zote walikuwa wakizitazama kwa mkewe.

Baada ya siku chache wifi alikuja studio, macho yamevimba, sauti imekauka.

"Mtoto ananiuliza picha yake na baba iko wapi," alisema. "Baba yake alimwambia ipo. Alimwambia alikuwa mdogo kama mkate. Kaka, mrudishe."

Tulihangaika. Pipa lilikuwa tupu. Diski zangu nilizipekua zote, hata zile ambazo nilijua hazina. Dokta alitafuta programu ya kufufua mafaili, ikafufua risiti na nyimbo. Yule mwanamke mwingine alituletea simu ya marehemu bila kinyongo, akaifungua yeye mwenyewe mbele yetu. Kwenye simu nako kulikuwa na mto. Wifi aliushika ule mkono uliompa simu, wakalia pamoja. Mimi nilikuwa nimewahi kufikiri maneno makali ya kumwambia yule mwanamke, siku hiyo niliyasahau.

Ndipo Dokta akaamua kuitengeneza. Alivaa shati la kufanana na la marehemu, akakaa ukingoni mwa kitanda chetu akiwa amekumbatia kitambaa nilichokikunja, nikampiga picha. Mikono ikawa yake, mabega yake. Mtoto akamtoa kwenye ile picha ya mto, na kichwa cha baba akakichukua kwenye picha ya kitambulisho. Alikisafisha, akakilainisha, akakiinamisha kidogo. Alijaribu kuyashusha macho, ikawa sura ya mtu anayesinzia, akayarudisha. Alipomaliza, tulisimama wote watatu nyuma ya kiti. Ilikuwa nzuri. Niliogopa jinsi ilivyokuwa nzuri.

"Usimwambie," wifi aliniomba. "Mwache awe nayo tu."

Sikuahidi, lakini sikupinga pia, na nani angepinga. Tuliisafisha kwenye karatasi nzuri, tukaiweka kwenye fremu. Kidoti aliletwa akiwa amevaa nguo za kutokea, akaipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu. Mama yake alipiga magoti kando yake, anatabasamu kwa shida.

"Umeona? Huyu wewe, huyu baba."

"Mbona haniangalii?"

"Nani?"

"Baba. Hapa anaangalia mbele." Kidoti aligeuza fremu ili mama yake aone. "Baba alisema wewe ulimwambia angalia kamera, akakataa. Ukamwambia tena, akakataa tena. Alikuwa ananiangalia mimi."

Nilifikiri wifi atadanganya, na ningemsamehe. Lakini alikaa chini kabisa, sakafuni, akamvuta mtoto karibu.

"Si hii, mwanangu. Hii ametengeneza mjomba. Ile ya kweli niliifuta mimi. Nilikuwa na hasira na baba yako, nikaifuta. Baba akaja kuiomba, nikamnyima."

Kidoti hakulia. Aliiweka fremu kwenye meza ya wateja, taratibu, akarudi kusimama mbele ya mama yake.

"Basi niambie alikaaje."

Wifi alifumba macho. Alikumbuka kwamba ilikuwa mchana. Alisema shati lilikuwa la bluu, akasita, akasema labda la kijivu. Alikumbuka alivyosema "angalia huku", na kwamba alikasirika kidogo kwa sababu mkono ulikuwa umechoka kushika simu. Zaidi ya hapo alikuwa hana. Ile picha alikuwa akiipitisha kidole tu, kama tunavyofanya wote.

"La kijivu," alisema Dokta.

Tuligeuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, mikono katikati ya magoti.

"Shati la kazi, la kijivu. Kifungo cha pili hakikuwepo, kilibaki kiuzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya shingo yako, na wa kulia umekushika miguu yote miwili pamoja. Kucha zilikuwa na grisi, kwa hiyo alikunja vidole ili zisikuguse. Alikuwa na kiatu kimoja tu. Kingine kilikuwa pembeni, kimelala ubavu. Shuka lilikuwa limekunjamana alipokalia, mikunjo inaelekea kwake."

Alisema yote hayo bila kusita. Ndipo nikaelewa: hakuna mtu duniani aliyeitazama ile picha kama yeye. Aliipitia kipande kwa kipande, uzi kwa uzi, akimfuta. Kidoti alimsogelea, akasimama kati ya magoti yake.

"Na uso?"

Dokta alitazama kioo cha kompyuta, na kompyuta ilikuwa imezimwa.

"Uso niliuanza kwanza, mjomba," alimwambia. "Niliuondoa haraka, nisiuone wakati nafanya kazi."

Kidoti alibaki amesimama palepale, anamwangalia mdomo, akisubiri amalizie.