Wino wa Harusi ya Scola

Shangazi Milembe alitoka Nkoma hadi Bariadi mjini kwa sababu ya mkono. Mkono wenyewe ni wa kushoto, wa Scola, mchumba wa Dastan, mtoto wa kaka yake. Alikuwa amesikia kwamba bibi harusi huyo anaandika kwa kushoto, na kwamba siku ya harusi atasaini cheti kwa mkono huohuo mbele ya padre. Basi akaingia kwenye duka la Scola la steshenari, akasalimiwa kwa Kisukuma, "Mwadila, Shangazi," akaitikia kwa shingo upande. Hata kiti alichopewa hakukikalia.

"Mwanangu, mkono wa kushoto ni wa chooni. Ndoa iliyosainiwa kwa mkono wa chooni inakaa wapi?"

"Itakaa kwangu na Dastan, Shangazi."

"Haya. Shahidi wa upande wetu ni mimi. Ukishika kalamu kwa huo mkono, mimi sisaini. Ng'ombe wa mahari walishatoka, lakini tutaona."

Akaondoka na kitenge chake, hakuaga.

Najua mnachotaka kusema: saini ni kitu gani mpaka watu wagombane? Dastan naye alisema hivyohivyo. "Saini mara moja tu kwa kulia, yaishe."

Yaishe! Tangu darasa la kwanza Scola anaambiwa yaishe. Mama yake, Mama Flora, alimfunga mkono ule kwa kamba ya pamba ili ajifunze kuwa mtu. Mwalimu akamchapa vidole. Alipokwenda kusaini kitambulisho, karani akamhamishia kalamu kwenye mkono wa kulia kama anayemlisha mtoto uji, na saini ile hajaweza kuirudia mpaka leo. Benki walimrudisha wakisema saini yake haifanani na ya kitambulisho. Itafananaje, na ile si yake? Scola aliapa kwamba cheti chake cha ndoa kitaandikwa na mkono wake, hata kama atabaki kanisani peke yake na shela.

Kikwazo kingine kilikuwa kwa Padre Anatoli, na huyo angalau alikuwa na hoja. Kwenye parokia yake vyeti vinasainiwa kwa wino wa bluu, kwa kalamu ile ya kujazwa, ili cheti halisi kisichanganywe na fotokopi. Sasa anayeandika kwa kushoto, mkono unapita juu ya kile alichokiandika sasa hivi. Mwaka uliopita bwana mmoja wa Maswa, naye wa kushoto, aliliburuta jina lake mpaka likavamia la mkewe, na cheti kikaharibika.

"Mimi sina ugomvi na mkono wako," padre alisema. "Nina ugomvi na wino. Niletee wino usiochafua, usaini hata kwa mguu." Akampa cheti kilekile kilichoharibika, akajaribie nyuma yake.

Scola alianza na wino wa dukani kwake, ule ambao amewauzia watu siku zote. Aibu ilioje! Herufi ziliota ndevu, na wino ukapenya ukatokea upande wa pili. Akaagiza mwingine Mwanza. Huo, lo, ulikuwa mzuri jamani, bluu iliyoiva inayong'aa, na Dastan alipouona akasema, "Huohuo, mama!" Scola akaandika jina, akapitisha kiganja. Jina likahamia kiganjani. Akaandika tena, safari hii akasubiri mpaka mteja aliyetaka bahasha akahudumiwa akaondoka. Bado wino ulikuwa mbichi.

"Huu una maringo," akasema, akaifunga chupa.

Wa tatu ulitoka Dar es Salaam na dereva wa lori la pamba. Ulikuwa umepauka, bluu ya shati la shule lililofuliwa sana, na unatoka kwenye ncha kwa uchoyo. Lakini kiganja kilipita kikatoka kisafi. Akalowesha kidole, akasugua. Akaona haitoshi, akamwagia maji ya kunywa. Karatasi ilijikunja, jina likabaki palepale. Scola akapiga vigelegele dukani, peke yake.

"Umepauka huo," Dastan alinung'unika.

"Upauke. Wewe unaoa rangi?"

Siku ya harusi kanisa lilijaa, nusu ya Nkoma ilikuwepo. Baada ya viapo walisogea kwenye meza ndogo. Dastan akasaini. Scola akatoa kalamu yake, akaishika kwa kushoto. Shangazi Milembe, aliyekuwa amesimama mezani kama shahidi, akamdaka kifundo cha mkono.

"Mwanangu, usituaibishe mbele za watu."

Scola aliogopa kweli, asiwadanganye mtu. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Shangazi, mkono huu ndio utakaokupikia, ndio utakaokuogesha ukizeeka. Leo unakunyima nini ukiandika? Niachie."

Dastan akanyoosha mkono wake, akavibandua vidole vya shangazi yake kimoja kimoja, taratibu. "Mwache, Shangazi. Ni mke wangu."

Scola akaandika. Jina lote, bila haraka, kiganja kikipita juu ya herufi zake. Kabla hajainua kalamu, Shangazi Milembe akakandamiza kidole gumba, na jasho lake, juu ya saini ile, akakivuta kwa nguvu. Mama Flora kwenye benchi akapiga yowe. Padre Anatoli akafumba macho.

Shangazi akainua kidole, akakitazama. Kisafi. Akakigeuza. Kisafi. Akaangalia cheti, jina liko vilevile.

"Mimi sisaini hapo," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Hewala," Scola akamjibu, akamtazama Padre Anatoli. "Padre, shahidi anaweza kuwa mtu yeyote mzima wa upande wao?" Padre akaitikia kwa kichwa, naye akageukia mabenchi. "Joakim, njoo usaini."

Joakim, yule rafiki wa Dastan anayejulikana vilabu vyote vya pombe kuanzia Bariadi hadi Malampaka, akainuka akifunga kifungo cha koti, meno yote nje.

"Joakim?" Shangazi Milembe aliruka. "Huyu mlevi ndiye aandikwe kwa niaba ya ukoo wetu? Kaa chini wewe!" Akampokonya Scola kalamu. Akainama, ulimi pembeni ya mdomo, akaandika jina lake kwa herufi kubwakubwa, kisha akavimba mashavu alipulize likauke.

"Usipulize, Shangazi," Scola akamwambia, akiichukua kalamu yake kwa kushoto. "Wino umeshakauka."