Inzoka

"Umenidanganya, shangazi!"

Sikumsalimu. Kasilda, dada wa marehemu baba yangu, alikuwa ameinama kwenye maharage yake kule Gashoho, kaskazini mwa Burundi. Nilikuwa nimetoka Gitega alfajiri, hasira ikichemka njia nzima, nikimtungia Profesa Nazario beti za matusi. Kufika Muyinga mjini beti zilikuwa saba, na vina havikunigomea hata kimoja.

Profesa alinipokea maabarani kwa ajili ya mmea wa dawa wa shangazi. Miezi minane kompyuta zetu zilipima kama molekuli za majani yale zingeweza kuikamata protini ya sumu ya nyoka. Molekuli mia mbili na kumi na mbili. Zote ziliteleza kama mvua juu ya jani la gimbi.

Jana yake, mbele ya wenzangu, profesa alisema: "Simoni, shangazi yako anatibu watu kwa chakula cha mbuzi. Ijumaa ripoti inaondoka, na jina la Kasilda limo: dawa yake si dawa."

Walicheka.

Kasilda alijinyoosha, mkono kiunoni. "Mi nimekudanganya nini?"

"Ulisema inatibu nyoka."

"Nyoka? Mi naogopa nyoka kama watu wote! Nilikwambia inzoka. Inzoka zo mu nda. Zile ziko kwa tumbo ya watoto."

"Minyoo?"

"Eh, hicho Kiswahili chenu cha Tanzania." Akacheka mpaka jembe likamtoka mkononi. "We mtoto wa Elikana, miaka kumi umerudi, Kirundi bado kinakuponyoka?"

Neno moja, inzoka, hubeba nyoka na minyoo pia. Mimi, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi Tanzania, nilichagua mwenye sumu bila kuuliza. Hasira haikuisha. Ilikosa pa kwenda, ikanirudia mwenyewe.

Alhamisi nilimweleza profesa kwamba mmea ule ni wa minyoo. Aliuliza nani aliandika "nyoka" kwenye fomu ya mmea. Fomu haikuwa na jina la aliyeijaza. Tayari alikuwa akimtazama Melania, aliyezichapa fomu zetu, ambaye Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kirundi nilikuwa nikikidhihaki kila siku.

"Ni mimi," nilisema.

Profesa akaifunga ripoti. "Basi haiondoki. Kesho rudi Gashoho ukamhoji upya. Nenda na Melania, akutafsirie."

Mkalimani! Kati yangu na damu yangu! Jibu lilinijaa mdomoni, kali, tayari. Nikalimeza. Nikamgeukia Melania, nikamwuliza kama saa kumi na mbili asubuhi si mapema mno kwake.