Dada Aliishia Wapi

Jumanne, saa nne asubuhi, Dada alisema kichwa kinampasuka, akachukua mkoba, akaniachia kompyuta ya ofisini kwetu ikiwa wazi. Nilihifadhi kazi yake, nikafunga. Saa kumi jioni shemeji alipiga simu kutoka hospitali. Hakumaliza sentensi.

Tulipotoka matangani, wiki iliyofuata, kazi ilikuwa inanisubiri: kitabu cha mwalimu mstaafu, historia ya shule aliyoiongoza, kurasa mia nne na kumi na mbili. Dada alikuwa anakisahihisha. Jumamosi ya wiki hiyo kilitakiwa kiwandani kuchapwa, na hakuna aliyejua amefika wapi.

Nilianza ukurasa wa kwanza, kwa mshale wa chini. Siku mbili, ukurasa wa arobaini. Mwalimu huandika vizuri. Kurasa tano zinapita bila kosa, hujui ni yeye au ni Dada. Sikubadilisha kitu. Kila nilipofunga, kompyuta iliniuliza kama nihifadhi, kwa sababu vidole vyangu vizito vilikuwa vimegusa mahali. Nikakataa, nisije nikaharibu.

Dada alikuwa akinicheka. "Mdogo wangu, lifti ipo, wewe unashuka ngazi ghorofa mia nne!" Alinifundisha njia mbili, nikachoka. Kubonyeza Kontrol na End kulinitupa mwisho wa kitabu, Kontrol na Home kukanirudisha kwenye jalada. Nyumba ya watu, najua mlango wa mbele na wa nyuma tu.

Alhamisi Mwalimu akaingia.

"Kitabu changu kimefika wapi?"

"Sijui marehemu aliishia wapi, Mwalimu."

"Mimi nilikuwa nakunja kona ya ukurasa."

"Hiki hakina kona."

"Basi kina nini?"

Nilimkasirikia. Halafu nikamkasirikia Dada, kuondoka na njia zote vidoleni. Kila asubuhi alikuwa anafungua kitabu hata hajatua mkoba, anabonyeza vitufe viwili, na ukurasa wa jana unakuja wenyewe. Viwili vipi? Nilijua kimoja kiko safu ya juu. Nikavijaribu vya safu hiyo mbele ya Mwalimu. Kimoja kilififisha kioo, kingine kilinyamazisha sauti.

"Unatafuta au unapiga kinanda?" akauliza.

Nikashika Shift, nikarudia safu nzima. Kwenye F5 kurasa ziliruka, zikasimama.

Ukurasa wa 263. Upepo umeezua paa la darasa la sita, "na wanafunzi wakasomea" kisha nafasi tupu, kimstari kinapepesa ndani yake, kisha "kwa miezi mitatu." Alikuwa amefuta neno, hajaandika lingine.

Nilikaa nikiangalia kile kimstari.

"Walisomea wapi?" nikauliza.

"Jikoni. Niliandika stoo, nikakosea. Alinipigia asubuhi ile kuniuliza, nikamwambia jikoni. Akasema, 'Subiri Mwalimu, kichwa,' akakata."

Nikajua nikiandika na kuhifadhi, kompyuta itakumbuka nilipoishia mimi, mahali pale hapatakuwa pake tena.

"Andika basi, mwanangu," Mwalimu akasema taratibu. "Jumamosi haisubiri."

Nikaandika: jikoni. Nikahifadhi.

Leo Ijumaa nilifungua kitabu, nikabonyeza Shift na F5. Ilinipeleka ukurasa wa 318, nilipoishia mimi jana usiku wa manane.