Nguvu za Adamu

Jumanne moja ya mwaka 1958, saa tisa mchana, madirisha ya ghala la pamba mjini Baraka yalizibwa kwa magunia ili watu waonyeshwe sinema ya Serikali. Waridi alifika mapema akaketi benchi la mbele. Mumewe, Yunusu, alikwenda Katanga kuchimba mawe kwa mkataba wa miaka mitatu. Huu ulikuwa mwaka wa saba, na Waridi alikuwa amechoka kungoja.

Mzungu wa sinema alieleza kwa Kifaransa habari za "atome", yaani atomu. Karani Isidore, mkalimani asiyekubali kushindwa na neno, akawaambia watu kwamba ni nguvu za Adamu, zinatoka kwenye mawe, na zitawasha taa mpaka Fizi mlimani. Mjadala ukaanza papo hapo. Waislamu wakasema Adamu aliumbwa kwa udongo, mawe yameingiaje? Wakatoliki wakajibu kwamba nguvu zake ziliishia kwenye tunda, hakuna taa ya kutoka hapo. Mzungu akaandika kwamba wananchi wanalipenda sana jambo hili.

Mashine ikawashwa. Kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani akatokea Yunusu, akibeba jiwe kwa mikono mitupu.

"Baba Bahati, utarudia siku gani?" Waridi akamuuliza.

Yunusu akatua jiwe. "Kontra iliisha zamani, mama Bahati. Lakini mi niko mu filimu. Kila fasi, kila muji banaonyesha, ni mi nabeba."

Isidore akatafsiri, maana ndiyo kazi yake. Mzungu akatoa dakika kumi za mapumziko. Yunusu akashuka kwenye shuka, wa kijivu kuanzia nywele hadi nyayo, akanawa, akala bugali na dagaa wa ndakala aliokuja nao mkewe. Kila alipomega tonge, mwanga ulipita kwenye vidole vyake na mifupa ikaonekana. Waridi akaihesabu. Yote ilikuwapo.

"Banasema hii nguvu iko ya muzuri," alisema Yunusu akitafuna. "Sijue banaipeleka wapi."

Waridi akachana upindo wa kitenge chake, akamfunga viganja vyote viwili. Hapo Mzungu akatikisa kichwa. Kwenye filamu mikono ilikuwa mitupu, alisema, na Serikali haionyeshi uongo.

"Basi abakie huku," alisema Waridi.

Hilo nalo halikuwezekana. Bila Yunusu jiwe lingeelea lenyewe, na Uvira walikuwa wakiisubiri filamu Alhamisi. "Mama, ujue," Isidore akamwambia kwa upole, "muntu akiisha kuingia mu filimu, iko kitu ya Serikali."

Yunusu akafungua vitambaa, akavikunja vizuri, akamrudishia mkewe, akapanda. Mashine ikarudishwa mwanzo. Akamtazama Waridi, kisha akalishika jiwe kwa viganja vyote viwili. Filamu ilikuwa ya dakika kumi na mbili, na Waridi akajizuia kupepesa macho, asije akampoteza hata kidogo.